Vina, Mizani na Nafasi Tupu: Uhakiki wa Kanuni za Kuandika Msimbo

Mwenzangu mmoja wa mwaka wa tatu aliposikia ninaandika makala haya alicheka, kisha akaniuliza: "Hivi kweli, bwana, uhakiki wa fasihi na kanuni za kompyuta wapi na wapi?" Siku ile nilimjibu kwa kifupi kwa sababu foleni ya chakula ilikuwa ndefu. Hapa nitamjibu kwa kirefu.

Waandishi wa programu za kompyuta wana utanzu wao wa maandishi ambao sisi wanafasihi hatujaugusa. Ni karatasi za kanuni. Humo mtu huambiwa mstari usizidi herufi ngapi, ujongezwe ndani kwa nafasi ngapi, mabano yafungwe wapi, maandishi yazungushiwe alama moja ya kunukuu au mbili. Ukizisoma karatasi hizi kwa jicho la mhakiki huwezi kukosa kukumbuka kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954. Kote kuwili kuna mtu mwenye sauti ya kutosha anayesema: umbo zuri ni hili, na asiyelifuata hajui kazi. Kote kuwili pia kuna wanaokataa. Mgogoro wetu wa ushairi wa miaka ya 1970, uliopamba moto baada ya *Kichomi* ya Euphrase Kezilahabi kutoka mwaka 1974, kila aliyepita darasa la ushairi anaujua, na sitaurudia.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho ushairi wetu haujawahi kukipata, nacho ni mashine ambayo unaipa shairi guni, nayo inakurudishia limekwisha kupangwa. Waandishi wa programu wanayo. Unaandika msimbo wako shaghalabaghala, unabonyeza, na kufumba na kufumbua kila nafasi, kila mkato na kila mabano yamekaa mahali pake. Basi ninachouliza ni hiki: mashine ikishaingia, zile kanuni za zamani zinakuwaje? Zinabaki zilivyo na mashine inazitii, ama zenyewe ndizo zinazopindwa ziifae mashine? Na zikipindwa, ni kitu gani kinachopotea, na nani anayefaidi?

Naanza na kisa cha kikundi chetu, maana bila kisa hicho nisingeandika lolote.

Tulikuwa wanafunzi watano. Tuliamua kutengeneza programu ya kusoma mashairi ya kimapokeo na kuhesabu mizani na vina, ili mtu akiwa na diwani nzima asikae kuhesabu kwa vidole. Lugha tuliyotumia ni Python. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma kozi mbili za kompyuta kuliko wenzangu, nilijipa cheo cha kupitia kazi za wengine kabla hazijaingizwa. Nikaandika kanuni zetu katika kaunta buku, zikafika 31. Nyingine nilizitoa katika PEP 8, ambayo ni karatasi mashuhuri ya kanuni za Python iliyoandikwa mwaka 2001 na Guido van Rossum pamoja na Barry Warsaw, na baadaye Alyssa Coghlan akaongezwa. Nyingine, nakiri, nilizitoa kichwani mwangu tu.

Dada mmoja wa mwaka wa kwanza ndiye aliyepewa sehemu ngumu kuliko zote, yaani hesabu ya mizani. Alipoleta kazi yake niliirudisha kwa sababu ya nafasi baada ya mikato. Akaileta tena, nikairudisha kwa sababu ya alama za kunukuu. Akaileta mara ya tatu, nikakuta mstari wenye herufi 84 wakati kanuni yangu ilisema 79, nikairudisha. Mara ya nne sikuona cha kusahihisha, nikaipitisha.

Siku ya kumwonyesha mwalimu, tuliipa programu ubeti wenye neno *mbuzi*. Programu ikasema lina mizani tatu. Tukaipa *simba*, ikasema tatu. Kila *m* iliyofuatwa na konsonanti ilihesabiwa kuwa silabi inayojitegemea, kama ilivyo katika *mtoto*. Kosa kubwa namna ile lilikuwa limekaa mbele ya macho yangu mara nne. Dada yule hakupandisha sauti. Alisema tu: "Kaka, kazi yangu umeirudisha mara tatu, na hata mara moja hukusoma inahesabu nini." Mwalimu alitazama dirishani. Baada ya siku ile dada hakuja kikundini kwa majuma matano.

Sasa turudi kwenye matini. PEP 8 ni maandishi ya kuvutia kuliko wengi wanavyodhani. Msingi wake ni wazo la van Rossum kwamba msimbo husomwa mara nyingi zaidi kuliko unavyoandikwa, kwa hiyo anayefikiriwa kwanza ni msomaji. Sisi tungeliita suala la hadhira. Tena karibu na mwanzo kuna sehemu ambayo kichwa chake kimeazimwa kutoka kwa Ralph Waldo Emerson, mwandishi wa insha wa Marekani wa karne ya 19, aliyewacheka watu wanaong'ang'ania mambo yafanane hata pale ambapo kufanana hakuna maana. Karatasi ya kanuni inayoanza kwa kukuonya usizifuate kanuni kijinga! Inakwambia wazi kwamba pengine kuifuata kanuni kutaufanya msimbo usisomeke, na hapo utumie akili yako.

Nataka tulitazame neno dogo ambalo karatasi za namna hii zimejaa: *isipokuwa*. Fanya hivi, isipokuwa pale ambapo vile ni bora. Hilo ni neno la kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya binadamu, kwa sababu linahitaji mtu mwenye busara wa kuamua hapa ni pale au si pale. Katika kikundi chetu mwenye kuamua nilikuwa mimi, na busara yangu mmeiona.

Mfano mzuri kuliko wetu ni wa Django. Hii ni programu-msingi ya kutengenezea tovuti kwa Python. Ilizaliwa mwaka 2003 katika chumba cha habari, kwenye gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, ikatolewa kwa umma mwaka 2005, na jina lake ni la mpiga gitaa Django Reinhardt. Watu wake walikuwa na kanuni zao, zilizojengwa juu ya PEP 8 lakini zenye ladha yao. Mstari wa msimbo waliuruhusu ufike herufi 119, na sababu waliitoa: ndio upana wa ukurasa wa GitHub wanakopitia kazi za wenzao. Maandishi yalizungushiwa alama moja ya kunukuu, isipokuwa kama ndani yake tayari ipo alama hiyo, hapo utumie mbili. Hizi ni kanuni zenye historia, zenye jasho la watu.

Mwaka 2018 Łukasz Langa, mwandishi wa programu kutoka Poland, alitoa mashine ya kupanga msimbo wa Python aliyoiita Black. Jina linakumbusha utani wa Henry Ford kuhusu mteja kuchagua rangi yoyote ya gari aitakayo, mradi iwe nyeusi. Mashine hii inajivunia kwamba haina mapatano. Karibu kila kitu imekwisha kukiamua. Mstari ni herufi 88, yaani takriban asilimia kumi zaidi ya zile 80 za jadi, ambazo wengi huzihusisha na kadi za kutoboa za IBM za mwaka 1928. Alama za kunukuu ni mbili. Haikuwa ya kwanza katika mkondo huo; lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, ilikuja na mashine yake mwenyewe, gofmt, isiyokuuliza unapenda nini. Waanzilishi wa Go wamekuwa wakitania kwamba mpangilio wa gofmt si kipenzi cha mtu yeyote, ila gofmt yenyewe ni kipenzi cha kila mtu. Utani huo una siasa ndani yake, na nitaurudia.

Django walifanya nini? Mwaka 2019 walijadili na kukubali pendekezo la kuitumia Black, lakini wakasema wangoje kwanza itoke katika hatua ya majaribio. Ilitoka Januari 2022. Mwezi uliofuata, Februari, msimbo wote wa Django ulipangwa upya kwa mkupuo mmoja. Na kanuni? Hawakuilazimisha Black ifuate kanuni zao. Kanuni ndizo zilizohama: 119 ikawa 88, alama moja ya kunukuu ikawa mbili. Mashine ilikuwa na mlango mmoja wa kubadilisha urefu wa mstari, wangeweza kuutumia. Hawakuutumia.

Msomaji wa haraka atasema hapa binadamu amepiga magoti mbele ya chombo. Nami nilianza kwa kusema hivyo hivyo, hata niliandika rasimu ya makala haya yenye kichwa cha hasira. Lakini nilipoyasoma maandishi ya Django ya kabla na ya baada, nikitazama kipi kimeondoka na kipi kimebaki, hasira ikapungua.

Kilichoondoka ni nafasi, mikato, urefu na alama. Kilichobaki ni majina: vigeu viitwe vipi. Kimebaki pia kipengele kinachohusu lugha ya maelezo yanayoandikwa kando ya msimbo, kwamba mtu asiseme "sisi". Usiandike kwamba tunapitia orodha. Andika tu: pitia orodha. Hili, ndugu zangu, ni suala la nafsi ya msimulizi! Wameamua kwamba usimulizi wa msimbo wao usiwe wa nafsi ya kwanza wingi. Sikubaliani nao, maana "sisi" ya Kiswahili humkaribisha msomaji, lakini ni mjadala wa kifasihi kabisa, na hakuna mashine inayoweza kuumaliza.

Kimebaki na kingine: mchangiaji asiweke jina lake ndani ya msimbo, majina yana faili lao la pamoja. Hapa mwanafunzi yeyote wa ushairi wa Kiswahili atasimama. Malenga wetu wengi hujitaja katika beti za mwisho, jina lake, la baba yake, pengine na mtaa wake, ili anayeliimba shairi lake ajue ni la nani. Django wanasema hapana, kazi ni ya wote. Lakini jina halifutiki hivyo. Git, programu inayotunza historia ya msimbo, ina amri inayoonyesha kila mstari aliuandika nani na lini. Jina la amri hiyo kwa Kiingereza maana yake ni *lawama*, na hapo sina la kuongeza. Sasa fikiri: siku ile ya Februari 2022, mashine ilipogusa mafaili yote, kila mstari uliobadilishwa ulitaka kuonekana ni wa yule aliyeiendesha mashine. Ni sawa na mnakili wa hati za kale aliyenakili tenzi za watu, kisha jina la mnakili likawafunika watunzi wote. Git ilikuwa imeanza mwaka 2019 kuruhusu orodha ya mabadiliko ya kurukwa katika hesabu hiyo, na Django wanayo orodha yao, na badiliko lile limo. Mnakili anapitwa, mtunzi anaonekana. Nimelipenda jambo hili kuliko yote niliyoyasoma.

Wenye hoja tofauti wana haki ya kusikilizwa, na hoja yao yenye nguvu ni kwamba nafasi tupu nayo husema. PEP 8 yenyewe inashauri, pale ambapo vitendo vya hesabu vina nguvu tofauti, ubane kile chenye nguvu zaidi na uachie kingine nafasi, hivi: x*x + y*y. Jicho linaona mafungu mawili yanayojumlishwa kabla akili haijahesabu. Ni kama kituo cha katikati ya mshororo. Black inaandika x * x + y * y, kila alama na nafasi zake, na kituo kimekufa. Baadaye iliregeza kidogo kwa upande wa vipeo, lakini kuzidisha kumebaki vile vile. Wanaosema hii ni hasara wanasema kweli, nami siwezi kuwabishia.

Nilipata sehemu yangu ya hasara hiyo. Katika programu yetu nilikuwa nimeorodhesha vina vya ubeti wa tarbia, vya kati na vya mwisho, vinane kwa jumla, nikavipanga mistari minne, viwili viwili, mfano wa ubeti wenyewe kitabuni. Nilijisikia fundi. Tulipoipitisha Black mara ya kwanza, ubeti wangu wote ulilazwa mstari mmoja, kwa sababu ulitosha ndani ya herufi 88. Niliondoka chumbani nikaenda kunywa chai.

Nikiwa kwenye chai nikakumbuka jambo ambalo mwalimu wetu wa fasihi simulizi na andishi alitufundisha. Hati za tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu mara nyingi huweka ubeti mzima katika mstari mmoja, vipande vimetenganishwa kwa alama ndogo. Ni uchapaji wa herufi za Kirumi ulioufanya ubeti wa utenzi uwe mistari minne inayoshuka. Hakuna aliyesema utenzi umekufa. Mizani nane za kipande zilibaki nane. Umbo la utenzi halikuwa katika karatasi, lilikuwa katika sikio. Kumbe basi nami nilikuwa nimeuweka ubeti wangu mahali pabaya, katika nafasi tupu, ambazo Python haizisomi ndani ya mabano. Kwa programu, orodha yangu ilikuwa vitu vinane vinavyofuatana, basi. Kwamba ni jozi nne, niliyejua ni mimi peke yangu na macho yangu.

Nilirudi nikaandika jozi nne kweli kweli, kila jozi katika mabano yake, na mkato baada ya jozi ya mwisho. Black ikiona mkato huo wa mwisho, huacha kila kipengele kwenye mstari wake. Ubeti ukasimama tena. Tofauti ni kwamba safari hii programu nayo inajua kuwa huu ni ubeti wenye mishororo minne. Mashine ilinilazimisha nilichokuwa nikikionyesha kwa nafasi nikiseme kwa muundo. Sisemi ndivyo inavyokuwa kila mara. Ile x*x + y*y haina dawa ya namna hiyo, labda uziandikie mashine amri mbili, ya kuifunga na ya kuifungua, ili isiguse mistari iliyo katikati. Amri hizo zipo. Ni ile *isipokuwa* iliyorudi kwa mlango wa nyuma, ila sasa imeandikwa mahali ambapo kila mtu anaiona na anaweza kuuliza kwa nini.

Kuhusu alama za kunukuu niseme haraka. Watengenezaji wa Black wanatetea alama mbili kwa sababu, pamoja na mengine, Kiingereza kina ritifaa ndani ya maneno. Nasi tuna *ng'ombe*, *ng'ambo*, *ng'ara*. Kanuni yangu ya alama moja ilikuwa imetuvunjia programu mara kadhaa katika beti zenye ng'ombe, nami niliendelea kuitetea kwa ukaidi tu.

Nimeahidi kuirudia siasa. Aliyezaliwa na Kiswahili cha Mombasa au Lamu anajua jinsi kamati ya lugha ya mwaka 1930 ilivyokisimamia Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na jinsi vitabu vilivyopitishwa kwenye chujio hilo. Kuna wahakiki watakaosema Black ni kamati ile ile: ladha ya watu wachache inageuka sheria ya wote, na mwishowe hakuna anayekumbuka kwamba iliwahi kuwa ladha. Hoja hii inanigusa. Lakini naona tofauti moja ambayo siwezi kuiruka. Kamati ilipobadilisha tahajia na msamiati iligusa maneno yenyewe, na pamoja nayo vina vya watu. Black, kabla ya kuhifadhi faili, hulinganisha muundo wa kisarufi wa msimbo wa kabla na wa baada. Ikiona programu imebadilika kimaana, hukataa kazi yake yenyewe. Ningependa sana kuwaona wahariri fulani wa diwani zetu wakifanya hivyo.

Tena tuulize nani alikuwa akiumia chini ya utaratibu wa zamani. Si mimi. Anayezijua kanuni 31 haumii. Anayeumia ni mgeni, anayekuja na wazo na kukutana na mlinzi langoni anayemkagua vifungo vya shati. Sisi tunaosoma fasihi tumewahi kuliona hilo: vijana waliorudishiwa mashairi na wahariri kwa mizani moja iliyozidi, na hakuna aliyewaambia kama shairi lilisema kitu. Gofmt si kipenzi cha mtu, sawa, lakini haimbagui mtu pia. Inampanga profesa kama inavyompanga wa mwaka wa kwanza. Kaunta buku yangu haikuwa hivyo. Niliporudi kuikagua, niligundua kwamba kazi za rafiki yangu tunayekaa naye chumba kimoja nilikuwa nikizinyoosha mwenyewe kimya kimya, bila kumrudishia.

Kwa hiyo tulizikata kanuni zetu. Kati ya 31 zilibaki tisa. Zilizoondoka zote zilikuwa za nafasi, mikato na alama, na mahali pake tukaandika sentensi moja kwamba kazi hupitishwa Black kwanza. Mbili nilizozitetea zilishindwa kwa kura, moja ikiwa ile ya herufi 79. Kati ya tisa zilizobaki, ya kwanza inasema anayepitia kazi ya mwenzake aeleze kwanza, kwa maneno yake, msimbo unafanya nini, kabla hajasema kitu kingine chochote. Kanuni hiyo sikuitunga mimi.

Aliitunga dada yule. Nilimfuata maktaba, nikamwomba radhi, akaniambia ngoja amalize ukurasa. Akarudi, na sasa hesabu ya mizani ni yake, na kupitia kazi ni kwake. *Mbuzi* na *simba* alizitengeneza siku mbili tu. Akafuatia *mbwa* na *mbu*, ambazo kinyume chake zina *m* inayojitegemea. Hapo tukagonga mwamba ambao Black na mashine zote za kupanga haziwezi kuusogeza. Katika *mtu mbaya*, neno *mbaya* lina mizani tatu. Katika *nyumba mbaya* lina mbili. Tahajia ni ile ile, herufi kwa herufi. Ili kujua ni ngapi lazima ujue ngeli ya nomino inayoelezwa, na katika shairi nomino yenyewe yaweza kuwa imerushwa hadi mshororo unaofuata.

Juma lililopita nilileta jaribio langu la kulitatua. Nilikuwa nimelipitisha Black, hakuna nafasi hata moja iliyokaa vibaya. Lilirudi jioni ile ile. Juu yake alikuwa ameandika, kwanza, sentensi mbili za kueleza kwa usahihi msimbo wangu unafanya nini, kama kanuni inavyotaka. Kisha chini yake: "Kaka, na ubeti ukianza na *mbaya* wenyewe, nomino ikaja mshororo wa tatu?"